Mwenye Gari Husimama Nyuma

Theodosia alikuwa mwanachama, mumewe hakuwa, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Chama chenyewe kilikuwa cha wakulima wa mpunga wa bondeni. Kilipoanzishwa, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, katibu Teofili alipita nyumba hadi nyumba pale Ifakara akiandikisha watu. Kwa Marselino alimkuta mwenye nyumba anashona wavu uani. Akamweleza faida za chama tangu mwanzo mpaka mwisho, na Marselino akamsikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Yeye ni mtu wa mto, alisema. Kambale wake hawajapata kuhitaji katibu.

Teofili alipogeuka kwenda zake, Theodosia akatoka jikoni na majivu mikononi.

"Samahani katibu. Anayeandikwa ni mwanamume, au ni aliyelima?"

Teofili akakuna kichwa. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata wale waliomtuma. "Kanuni zinasema mkulima," akajibu kwa tahadhari, akimtazama Marselino.

"Basi niandike mimi. Mpunga wa nyumba hii ninaulima mimi."

Hilo hakuna aliyeweza kulibisha. Kila msimu Theodosia alihamia shambani na watoto, akaishi huko juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, akifukuza ndege na nguruwe mpaka mpunga uive, na wakati huo wote mumewe alikuwa mtoni na mitumbwi yake. Marselino akasema mwandike, mwandike, mwache mama Justa acheze. Akaokota sindano yake akaendelea na wavu. Laiti angejua ni nini kilichokuwa kinaandikwa siku ile, angeomba na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Tumwelewe lakini Marselino, maana si mtu mbaya, ni mtu wa kujisikia tu. Mtoni hakuwa na mpinzani. Mtumbwi wake aliusimamia kwa nyuma, miguu ameipanua, pondo la kusukumia mkononi, na abiria wote mbele yake wamekaa kimya kama wako kanisani. Alishawahi kumvusha hata Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkubwa wa wilaya, na kila aliposimulia habari hiyo alisisitiza kuwa Bwana Shauri alikaa mbele na kofia yake magotini, na yeye Marselino alisimama nyuma na kuamua waende wapi. Aliisimulia mara nyingi. Watoto wake waliijua kuliko sala ya Baba Yetu.

Biashara yake ya samaki wakavu ilikua. Alikuwa na watu wa kumvulia, na watu wa kumkaushia, na wanunuzi mpaka kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Kitu alichokosa kilikuwa gari. Malori ya wenye maduka yalipakia mizigo yao kwanza, na kambale wa Marselino wakabaki kando ya barabara kuliwa na wadudu. Basi akawa anaweka fedha ndani ya mtungi, kimyakimya, na kila akipita gari barabarani alilitazama mpaka lipotee.

Ndipo chama kilipofanya maelewano yake. Kilikuwa kinanunua malori mapya kwa muuza magari mmoja wa Dar es Salaam, na muuzaji yule, kwa kutaka ukaribu, akakubali kwamba mwanachama yeyote aliyeuza mpunga wake chamani bila kukosa misimu yote naye atauziwa gari jipya kwa bei iliyopunguzwa. Teofili alilitangaza hilo mkutanoni na watu wakacheka kwa furaha, kama unavyocheka ukiambiwa umepunguziwa bei ya tembo. Nani katika wao angenunua gari?

Theodosia alirudi nyumbani akamsimulia mumewe huku anapakua wali. Marselino akaacha kula. Fedha yake ilitosha kununua gari la mwanachama. Gari la mtu baki haikulitosha, na kwa jinsi samaki walivyokuwa wanaharibika isingelitosha kamwe.

"Mama Justa," akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba. "Nilikuwa nafikiri. Hicho chama chetu..."

"Chetu?"

Ilimchukua Marselino jioni nzima kumeza maneno yake, na Theodosia hakumharakisha, akamwachia ayameze polepole kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Mwishoni alisema wazi. Fedha ni yake, jina ni la mkewe. Amkopeshe jina hilo, naye atampa chochote atakacho, kitenge, viatu, cherehani, ataje.

"Sitaki cherehani," Theodosia alisema. "Nataka gari likifika, safari ya kwanza liende Mbingu, kijijini kwetu. Na mama anione nimekaa."

Marselino alijua habari hiyo inakotoka.

Siku ya harusi yao, mbele ya mashangazi wote, mama yake Theodosia alisema neno. Kandida hakuwa mtu wa kuficha neno. Yeye mwenyewe alizaliwa kandokando ya mto, binti wa mvushaji, kisha akaolewa mbali na maji, Mbingu, njia ya kwenda Mlimba, na alijua wanaume wa mto walivyo, leo wapo kesho hawapo. Alimtazama bwana harusi kuanzia juu mpaka chini. "Huyu ni mtu wa maji, mwanangu," alisema. "Mtumbwi haufiki Mbingu. Kila ukija kwangu utakuja kwa miguu, mzigo kichwani, mpaka siku ya kuja kunizika." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka baada ya mavuno Theodosia alikwenda kwa miguu, kapu la samaki kichwani, akalala njiani kwa watu, akafika amevimba miguu, na mama yake akamtazama miguu hiyo asiseme kitu. Afadhali angesema. Kandida sasa alikuwa mzee, anashika ukuta akisimama. Theodosia alitaka kitu kimoja tu, kufika kwa mama yake amekaa, kabla ya siku ile nyingine.

"Utakaa," Marselino akasema. "Nakuapia."

Wakaenda Dar es Salaam, kwa lori mpaka Kilosa na kwa treni mpaka mwisho wa reli. Walimchukua na Fridolin, mtu wa Ifakara aliyejifunza udereva jeshini, wakati wa vita vya Burma, maana kati ya mume na mke hakuna aliyejua hata gari linawashwaje. Fridolin alikuwa dereva hodari na mtu wa mwili. Kwenye treni alichukua nafasi ya watu wawili na kuwaomba radhi wote wawili.

Dukani, kijana aliyevaa tai alimkimbilia Marselino na mikono yote miwili. "Karibu bwana mwanachama! Karibu sana bwana mwanachama!"

Marselino akakohoa. Akatazama dari. Akatazama pikapu ya bluu iliyokuwa inang'aa pale katikati, akakohoa tena.

"Mwanachama ni mimi," Theodosia akasema, akatoa kadi yake kwenye kanga.

Kijana aliisoma kadi mbele na nyuma, akamtazama mama huyu aliyefunga kilemba, akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa akaja akaisoma naye. Kadi ilikuwa safi, misimu yote imegongwa muhuri wa chama. Basi wakamletea kiti Theodosia, na chai, na Marselino akabaki amesimama. Hakuona ubaya. Alikuwa ameshaanza kuikagua pikapu kwa njia anayoijua, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama agongavyo mtumbwi mpya kusikiliza kama una ufa. Akarudi ameridhika. "Mzima," alisema. Theodosia akaandika jina lake kwa mwandiko aliofundishwa na masista, na gari likawa lao.

Sasa hapa pana jambo ambalo lazima nilieleze vizuri, maana ndilo lililowachekesha watu wa Ifakara mwaka mzima.

Mbele pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Fridolin alipoketi na usukani wake, ilibaki nafasi ya mtu mmoja, tena asiwe mnene. Theodosia alisimama kando akisubiri. Alijua vizuri nani hukaa wapi. Alishaona malori ya Ifakara, mwenye mali yuko mbele amelaza kiwiko dirishani, na utingo yuko nyuma juu ya magunia. Alikuwa ameshajiandaa kupanda nyuma, na ahadi yake ameiweka kwa ajili ya siku ya Mbingu tu.

Marselino akamfungulia mlango wa mbele. "Panda, mama Justa."

"Mimi?"

"Sasa nani? Abiria si ndiye anayekaa mbele?" Kisha akazunguka, akaruka ndani ya bodi, akasimama nyuma ya kibanda cha dereva, miguu ameipanua, mikono juu ya paa. Akapiga paa kwa kiganja. "Fridolin! Twende!"

Mnaona wenyewe. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi, mwenye chombo husimama nyuma. Mbele huwekwa mgeni, mwanamke na kapu la mayai. Marselino alishaona wakubwa wamekaa mbele kwenye magari yao, ndiyo, na hata siku moja hakuwahi kuwaonea wivu. Aliwahesabu wote kuwa abiria, kama Bwana Shauri na kofia yake.

Fridolin alimtazama Theodosia. Theodosia alimtazama Fridolin. "Tumwambie?" Fridolin akanong'ona.

"Washa gari," Theodosia akasema.

Ilikuwa raha, kwa nini nifiche. Ilikuwa kiangazi, barabara imekauka, na kiti kilikuwa laini kuliko kitanda chake. Theodosia aliilaza mikono mapajani akaitazama nchi inavyokuja. Morogoro watu walimwita mama mkubwa. Kilosa mwuza machungwa alimletea machungwa dirishani, kisha akamrushia yule wa nyuma moja lililobonyea. Kidodi walipolala, mwenye nyumba aliuliza kama utingo atakula na mama au atakula jikoni. Theodosia alisema atakula na mama. Kila mara dhamiri ilimchoma kidogo, na kila mara alijiambia atamwambia mbele ya safari, na walipofika Kidatu vumbi jekundu lilikuwa limempaka Marselino mpaka kope, naye anaimba.

Waliingia Ifakara saa za soko. Watu wakaacha mizani, wakaacha vinyozi, wakaja mbio. Marselino alinyoosha mgongo kule nyuma, akawapungia mkono. Siku hii alikuwa ameiota tangu mtungi ulipokuwa mtupu.

Aliyewahi kufika alikuwa Viktor, mtoto wa shangazi yake na mtani wake wa kufa na kuzikana. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akavua kofia akainama mpaka chini. "Shikamoo bibi mkubwa! Karibu na gari lako!" Halafu akainua macho kule nyuma, akamtazama Marselino aliyekuwa mwekundu kama tofali. "We utingo! Unashangaa nini? Shusha mizigo ya mama!"

Soko zima likaangua kicheko. Marselino akacheka nao, kwanza. Kisha akaanza kutazama. Alitazama lori la mwenye duka lililoegeshwa pale, mwenye duka yuko mbele, utingo yuko nyuma juu ya chumvi. Alitazama kiti cha mkewe. Alitazama miguu yake mwenyewe ilipokuwa imesimama. Theodosia alimwona kwenye kile kioo kidogo cha pembeni jinsi kicheko kilivyomtoka usoni.

Siku ile Marselino hakula na hakusimulia habari ya Bwana Shauri.

"Ulijua?" aliuliza tu.

"Nilijua."

"Tangu wapi?"

"Tangu Dar es Salaam, baba Justa."

"Ukaniacha nipungie watu mkono."

Theodosia alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini pole haifuti kicheko cha soko zima.

"Jumapili tunakwenda Mbingu," Marselino alisema. "Nimeapa na nitakwenda. Ila mbele nitakaa mimi."

Kadi ilikuwa pale pale kwenye kanga. Theodosia aliigusa. Gari liliandikwa kwa jina lake, na neno moja tu lingemtoa mumewe kwenye kiti kile, na chama kizima kingesimama upande wake, Teofili akiwa wa kwanza. Alilifikiria neno hilo mpaka Jumapili. Lakini angefika vipi kwa mama yake amekaa juu ya ugomvi? Kandida angeuona ugomvi huo kabla ya kuliona gari. Hakulisema.

Jumapili baada ya misa Marselino alivaa shati jeupe, akafungua mlango wa mbele akaketi kando ya Fridolin, kiwiko dirishani. Viktor alikuwepo, atakosaje. Alimpigia makofi. Theodosia alipanda nyuma akakaa juu ya gunia la mchele, kapu la samaki magotini, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Hakulia. Alijiambia kuwa kukaa ni kukaa, hata juu ya gunia, lakini alijua mama yake angemwonaje, mwekundu, amekumbatia kapu lile lile.

Njia ya Mbingu ilikuwa mbaya, mashimo na mchanga, na daraja za magogo zinazolia. Kule mbele Marselino hakuimba. Alikuwa amebanwa kati ya mlango na mwili wa Fridolin, na kila shimo lilipomkurupusha alishika kitu ambacho hakikuwepo. Mara mbili tatu Theodosia alimwona kupitia kidirisha cha nyuma akigeuza shingo, akimtazama yeye na gunia na kapu, kisha akigeuka tena haraka.

Kwenye kijito cha mwisho, nyumba za Mbingu zikiwa zimeshaanza kuonekana, gari likasimama. Marselino akashuka. Alizunguka nyuma akatazama magurudumu kwa muda mrefu, na magurudumu hayakuwa na tatizo lolote.

"Shuka, mama Justa," akasema.

"Kuna nini?"

"Huyu Fridolin anaendesha vibaya. Lazima mtu asimame nyuma aangalie."

"Watakucheka, baba Justa. Hata hapa watakucheka."

"Wacheke." Akampokea kapu, akampa mkono ashuke. Alikuwa hamtazami usoni. "Niliapa utakaa. Gunia si kiti."

Theodosia aliosha uso kijitoni. Aliikung'uta kanga yake, akaketi mbele. Kule juu kiganja kikapiga paa. Twende.

Kandida alikuwa mlangoni kwake na ungo wa mchele. Alisikia mngurumo, akaona watoto wakikimbia mbele ya kitu cha bluu, akashika ukuta akasimama. Gari likasimama mbele yake kabisa. Fridolin akashuka akazunguka kumfungulia mlango Theodosia, kama walivyomfundisha jeshini kuwafungulia maofisa, na Theodosia akaweka mguu chini, na mguu huo haukuwa na vumbi wala haukuvimba.

Maneno aliyokuwa ameyaweka tangu siku ya harusi yalimpotea yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kandida aliitazama ile miguu. Aliitazama mpaka midomo yake ikaanza kucheza, akaibana. "Umekuja umekaa."

"Nimekuja nimekaa, mama."

Kandida akamgeukia Fridolin, akampima kwa macho upana wote ule. "Na huyu ndiye mwenye gari?"

"Hapana, bibi. Mimi dereva tu."

Ndipo bibi akainua macho nyuma. Marselino alikuwa bado amesimama kule, miguu ameipanua, viganja juu ya paa, shati jeupe limekuwa jekundu, kope na nyusi zote vumbi tupu. Hakushuka. Mbele ya mama mkwe hakujua hata atazame wapi. Majirani wameshajaa, na mmoja alikuwa tayari anacheka. Theodosia alifungua kinywa amwahi mama yake, aseme huyu si utingo, mama, huyu ni mume wangu, gari ni la fedha yake.

Kandida alimwahi yeye.

"Marselino," akasema polepole. "Umesimama kama baba yangu."

Yule jirani aliyekuwa anacheka akaacha.

"Alikuwa anatuvusha, sisi watoto tumekaa mbele, mama yuko mbele, na yeye kule nyuma hivyo hivyo, na miguu hiyo hiyo. Tukiwa na hofu tulikuwa tunageuka kumtazama." Alishusha ungo chini. "Tangu nitoke mtoni sijamwona mwanamume amesimama hivyo. Marahaba, mwenye chombo."

Marselino hakuwa hata ameamkia. "Shikamoo, mama," akasema kwa kuchelewa, na sauti ikamkatika katikati, akajifanya ni vumbi.

Kandida hakutaka kula kwanza wala kupumzika. Alitaka kupanda. Wakamwinua wakamweka mbele, kwenye kile kiti laini, akashika dirisha kwa mikono miwili, na Fridolin akajikunja kadiri alivyoweza. Theodosia akabaki chini. Nafasi ilikuwa imekwisha.

"Njoo," Marselino akasema, akamshushia mkono.

Akapanda akasimama kando yake, akaweka viganja juu ya paa kama yeye. Mumewe akamsogezea mguu kwa mguu wake, panua kidogo, hivyo, usiogope. Kandida alitoa kichwa dirishani akageuka nyuma, akawatazama wote wawili, kisha akatulia. Theodosia akapiga paa. Gari likaondoka kuelekea Mlimba, vumbi likawajia lote usoni, naye akalipokea huku anacheka.